Vijana wanameza vidonge badala ya kula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme juu ya jambo linalowaharibu vijana wetu wa vijijini huku sisi walimu na viongozi wa michezo tukilitazama tu. Nalo ni hii tabia ya kumeza vidonge ili kuongeza mwili kwa ajili ya mpira.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa wilayani Kwimba, na jioni huwafundisha vijana wa timu ya kijiji. Lawama ya kwanza najitwisha mwenyewe. Mwaka 2023 nilikuwa na beki wa kati, kijana wa miaka 19 niliyemsomesha tangu darasa la tatu. Alikuwa mwepesi wa akili na wa miguu, lakini mwembamba. Siku moja tulipofungwa nilimwambia mbele ya wenzake kwamba washambuliaji wanampeperusha kama jani la mpapai. Wenzake wakacheka. Sikumwambia afanye nini. Jibu akalitafuta mwenyewe, akalipata dukani.

Baada ya wiki tano tulimpima kwenye mizani ya pamba. Kutoka kilo 56 alikuwa amefika 63. Watu walimsifu, nami nilimsifu. Uso ulikuwa umekuwa wa duara, mashavu yamejaa, tumbo limetokeza. Lakini uwanjani alihema kabla ya mapumziko, na siku moja alipochuchumaa kufunga kamba za viatu alishindwa kuinuka mpaka akashika nguzo ya goli. Hapo ndipo nilipomwita pembeni akanionyesha vidonge vimefungwa katika kipande cha karatasi ya daftari, havina jina.

Nilikwenda naye hospitali. Daktari alivitambua mara moja. Aina moja ilikuwa deksamethasoni, na nyingine siproheptadini, dawa ya mzio ambayo humfanya mtu apende kula na kusinzia. Deksamethasoni ni dawa ya maana. Ndiyo iliyoonekana mwaka 2020 kuokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa Uviko-19. Lakini akiimeza mtu mzima wa afya kwa wiki nyingi, mwili huweka maji na mafuta, shinikizo la damu na sukari hupanda, mifupa hudhoofika, na msuli wenyewe, hasa wa mapaja na mabega, huliwa. Yaani kijana alikuwa anazidi uzito huku nguvu zinapungua! Tena daktari alituonya asiache ghafla, kwa kuwa mwili uliokwisha kuzoea dawa hiyo huacha kutengeneza kichocheo chake wenyewe, na mtu anaweza kuzimia au hata kufa. Ikabidi apunguziwe kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Sasa niseme tulichofanya baada ya hapo, maana kukataza bila kuonyesha njia ni kosa lile lile nililolifanya mwanzoni.

Msuli haujengwi na kitu kingine ila mzigo, chakula na usingizi. Kwa mzigo tulichukua makopo mawili ya rangi, tukayajaza zege na kupitisha bomba la chuma katikati. Kijana aliweka bomba begani akachuchumaa na kuinuka, akaliinua kutoka chini, akalisukuma juu ya kichwa. Zaidi ya hapo alipiga pushapu na kujivuta kwenye tawi la mwembe. Alirudia kila zoezi mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Akifika 12 bila taabu tunaongeza mzigo. Kama mzigo wa kuongeza hamna, arudie mara nyingi zaidi mpaka achoke kweli. Imethibitishwa kwamba hata mzigo mwepesi hujenga msuli kwa njia hiyo.

Chakula ndicho kilicholeta ubishi. Baba yake alisema lishe ya wanamichezo ni ya watu wenye fedha. Nilimwandikia hesabu kwenye ubao wa jikoni kwa mkaa. Mtu anayejenga msuli atosheke na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kilo 56 ni kama gramu 90. Ugali wa siku nzima, unga gramu 400, una gramu zipatazo 30. Maharage makavu gramu 150 yana 30 nyingine. Dagaa wakavu gramu 30 wana 18, na karanga kiasi cha konzi mbili zina 12. Hesabu imetimia, na hakuna hapo kitu ambacho hakipatikani gulioni kwetu. Mahindi peke yake yana upungufu ambao maharage, dengu au choroko huuziba, kwa hiyo kande za bibi zetu zilikuwa na akili kuliko kopo la unga wa wanamichezo linalouzwa mjini. Niliambiwa bei ya kopo hilo nikaona heri ninunue mbuzi.

Inanichoma kwamba dagaa wengi wa Ziwa Victoria wanasagwa kuwa chakula cha kuku, na sisi tulio karibu na ziwa tunawaona kuwa ni mboga ya mtu aliyeshindwa.

Hata hivyo ni lazima kijana ale zaidi ya anachokitumia. Msimu wa kulima alishinda shambani tangu alfajiri, na mizani haikusogea hata robo kilo kwa miezi miwili. Tukaongeza uji wa karanga asubuhi na mtindi usiku. Mpaka mwaka 2024 unakwisha, akiwa ameacha vidonge na maji yote yamemtoka, alitoka kilo 55 akafika 61. Ni pole pole mno ukilinganisha na kilo saba za wiki tano, na ndiyo sababu vijana watatu wa timu yangu walinicheka wakaenda dukani kule kule.

Nawaomba wanaohusika na ukaguzi wa dawa wasiishie kwenye maduka ya mjini. Dawa hizi ni za cheti cha daktari, lakini huku zinauzwa kwa kuhesabiwa kiganjani kama pipi. Pia vyuo vya ualimu vitazame somo la michezo. Mimi nilifundishwa vipimo vya uwanja na sheria ya kuotea, lakini hakuna aliyenifundisha namna ya kumlisha mchezaji, na ndiyo maana nilipotakiwa kutoa ushauri nilitoa kejeli.

Karatasi ile ya daftari na vidonge vilivyobaki ninavyo ofisini, kabatini. Mkaguzi akifika nitamkabidhi na kumwonyesha duka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kwimba, Mwanza.