Mwalimu akikesha na vidio, hiyo itadumu mpaka lini?

Kila mara naona mtu huku mtandaoni akiwaambia walimu wapindue darasa: somo lirekodiwe, mtoto alitazame nyumbani, halafu kipindi kiwe cha mazoezi na mjadala. Wazo ni poa, sikatai. Lakini mimi vidio ndizo hunilipia rent, kwa hivyo swali langu ni la kikazi tu. Nani anahariri, na saa ngapi?

Dadangu mkubwa anafunza Sayansi junior school huko Kitui. Mwaka jana alinipigia simu: "Wewe si unajua hizi vitu? Nionyeshe kurekodi." Nikamfunza vile mimi hufanya, na hapo ndipo nilimharibia. Nikampelekea taa ya pete, nikamwonyesha kukata kimya, kuweka maandishi, kupachika muziki kwa umbali. Vidio ya dakika nane ikawa inamla usiku mzima. Mchana vipindi vya dakika 40, jioni kusahihisha, usiku kurekodi, na bando inatoka mfukoni mwake. Alienda wiki tano. Ya sita akanitumia meseji: "Mdogo wangu, nimerudi kwa chaki."

Msiniambie eti ni uvivu ama walimu wanaogopa teknolojia. Hata hao waliovumisha huu mtindo, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walikuwa walimu wawili wa kemia kwa shule moja, Woodland Park huko Colorado, Marekani. Walianza 2007 kurekodi masomo, na shida waliyokuwa wanatatua mwanzoni ilikuwa ndogo tu: wanafunzi waliokuwa wanakosa vipindi sababu ya michezo na safari. Sisi tulichukua vidio, tukasahau neno "wawili". Dadangu alikuwa peke yake.

Halafu nikaja kugundua kitu kingine, tukiongea kwa utulivu Disemba. Alikuwa amepindua darasa lakini homework ameiacha palepale. Yaani mtoto anatazama somo usiku, anafanya mazoezi darasani, na bado anapewa maswali kumi ya kupeleka nyumbani. Nani anasahihisha hayo? Yeye. Faida ya mwalimu kwa hii mambo yote iko hapo: mazoezi yakifanywa darasani, unazunguka na kalamu nyekundu, unaona kosa likizaliwa, unalirekebisha hapo hapo, na jioni hubebi vitabu. Kama unaongeza vidio na hakuna kitu unapunguza, hiyo ni shifti ya pili bila malipo. Na mkuu wa shule anayetaka vidio kila wiki anafaa aseme pia ni kazi gani ameondoa.

Kuna na simu. Wanafunzi wake wengi hutegemea simu ya mzazi, na mzazi yuko nayo kwa boda ama sokoni. Kwa hivyo nusu ya darasa walikuwa wanakuja hawajaona chochote, anarudia somo lote ubaoni. Anafunza mara mbili! Mi naona kwa shule kama hiyo, vidio itazamwe darasani. Kama ziko zile tableti za mradi wa serikali wa 2016 na bado zinawaka, kundi moja likae pembeni litazame dakika nane, lingine lifanye jaribio, kisha wabadilishane. Hakuna bando ya mzazi hapo.

Na rekodi itumike zaidi ya mara moja, jamani. Zake za kwanza zilikuwa zinaanza, "Leo ni Jumanne, jana tulikuwa ukurasa wa 34." Mwaka ukigeuka, hiyo imeoza. Mitaala yenyewe ilipunguzwa 2024, vitabu hubadilika. Lakini asidi itabaki asidi.

Muhula huu amerudi tena, pole pole. Mada mbili pekee. Moja anarekodi yeye, nyingine mwalimu mwenzake wa shule jirani, wanabadilishana. Taa yangu ya pete iko chini ya kitanda. Anaandika ubaoni, anapiga picha, anaongea dakika sita kwa simu, mara moja, basi. Kipindi cha asidi na besi watoto walikuwa wanaponda maua mekundu, wanaweka maji ya ndimu kwa kikombe kimoja na maji ya majivu kwa kingine, wanabishana rangi imegeuka ama haijageuka. Nilionyeshwa picha, kelele unaisikia bila sauti.

Nilisikiza ile rekodi. Katikati kuna jogoo anawika, tena kwa nguvu. Nikamwambia anitumie nimkate, ni dakika mbili tu. Akasema niwachane na jogoo wake, yeye anaenda kulala.