Mastazi ya Michezo Ianze na Goti la Dandora, Sio na Iten

Kuna kitu imenikera wiki nzima na nitaisema bila kuzunguka. Wasee wa Eastlands wanaofika mpaka mastazi ya sayansi ya michezo na mazoezi, ile masomo ya mwili unavyosonga ambayo kwingine wanaiita kinesiolojia, ni wachache kuliko mathree za Umoja zenye vioo vyote viwili vya pembeni. Halafu hao wachache wakishaingia, wanapanga yuniti zao kama mtu anachagua kibanda cha kununua chipo: ile ya karibu, ile rahisi, ile yenye mwalimu hasumbui. Takwimu inasukumwa hadi mwisho. Baiomekanika inakwepwa kabisa. Na tasnifu ikifika, ni ya wakimbiaji wa Iten.

Msee wa Kayole, wa Dandora, wa Jericho, anapanda basi hadi Elgeyo Marakwet kuuliza kwa nini Wakalenjin wanakimbia.

Najua mnaniandalia nini. "Buda, wewe uliacha chuo mwaka wa pili, mastazi inakuhusu nini?" Niliacha kwa sababu ya ada na simwombi mtu radhi. Lakini inanihusu, kwa sababu magoti yanayovunjika ni ya hapa kwetu.

Binamu yangu alikuwa winga mzuri sana. Miaka 17, kasi ya ajabu. Siku moja mazoezini akageuka kukata ndani, hakuna mtu alimgusa, goti likalia kama kijiti kikavu. Kocha alimpaka dawa ya kuchua, akamwambia apumzike wiki mbili. Akarudi baada ya hizo wiki mbili, goti likaenda tena, na hapo ndio mpira uliisha. Kocha simlaumu, alikuwa anafundisha bure na nauli anajilipia. Ninachosema ni kwamba hiyo kitu ina maelezo. Kano ya ndani ya goti mara nyingi inakatika hivyo hivyo, bila kugongwa, mtu akigeuka ghafla ama akitua vibaya baada ya kuruka. Wasichana wanaipata zaidi kuliko wavulana katika mchezo uleule. Hii imejulikana kwa miaka mingi. Haikuwa imefika kwa uwanja wetu tu.

Na dawa yake sio mashine ya mamilioni. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanaitwa FIFA 11+. Dakika 20 hivi: kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha mapaja na tumbo, kuruka na kujifunza kutua goti lisiingie ndani. Watafiti waliyajaribu Lagos, Nigeria, kwa timu za vijana, wakachapisha mwaka 2014. Kwa miezi 6, timu zilizofanya hayo mazoezi zilikuwa na majeraha pungufu kwa asilimia 41. Si Zurich, ni Lagos. Vumbi kama letu, nauli shida kama zetu.

Sasa niambie, ni nani ameleta hiyo hesabu Koth Biro pale Ziwani, ambako kila mwisho wa mwaka vijana wanaumana kama fainali ya dunia? Hiyo ni tasnifu nzima imekaa inangoja mtu. Lakini huwezi kuiandika kama uliikimbia takwimu. Ukilinganisha timu 10 zinazofanya mazoezi hayo na 10 zisizofanya, unagawa timu, hugawi mchezaji mmoja mmoja, kwa sababu wachezaji wa timu moja wanaigana. Hiyo peke yake inabadilisha hesabu yako na idadi ya watu unaohitaji. Majeraha nayo hayahesabiwi tu moja, mbili, tatu. Yanahesabiwa kwa kila saa 1,000 za kucheza, sababu aliyecheza mara mbili zaidi amejiweka hatarini mara mbili zaidi. Msee ambaye takwimu aliiacha hadi semista ya mwisho anajua haya wakati data yote ameshaikusanya vibaya. Kisha analipa mtu wa mjini amfanyie hesabu, na siku ya kutetea mbele ya jopo anatoa macho.

Kwa hivyo, takwimu semista ya kwanza. Hiyo sibishani na mtu.

Baiomekanika ndio wanaiogopa zaidi kwa sababu ina fizikia. Wanasema Kenya hakuna maabara. Wewe uko na simu, inarekodi polepole, tayari unaitumia kurekodi viatu vipya. Iweke kwa stendi, urefu wa goti, mchezaji aruke kutoka kwa boksi, upate pembe ya goti akitua. Kuna programu ya bure inaitwa Kinovea ya kupima pembe kwa video. Haitoshi kila kitu, kamera moja inaona upande mmoja tu, lakini kwa tasnifu ya mastazi na kwa kocha wa Huruma ni mwanzo unaoeleweka. Mimi nimeishi kwa kamera miaka mitatu. Ninachojua ni kwamba ukiweka stendi vibaya, pembe yako ni uongo.

Na tusijifanye ati sayansi kubwa haiwezi kutoka kwa watu wa kawaida wa hapa. Mwaka 1986 jarida la Nature, ambalo maprofesa wa dunia nzima wanalililia, lilichapisha utafiti uliofanywa na Maloiy, mtaalamu wa fiziolojia wa Kenya, na wenzake wa nje. Waliwapima nani? Kina mama Waluo wanaobeba mzigo kichwani na kina mama Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji la uso. Wakagundua hawa mama wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi inayopimika. Soma hiyo tena. Shosho yako ameingia Nature na hajui.

Sasa nenda Marikiti alfajiri. Ama Gikomba. Wabebaji na wasukuma mikokoteni wako pale kabla jua kutoka. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50; ukikutana na lumbesa, hiyo kanuni utaona imeachwa nyumbani. Huyo msee wa mkokoteni mgongo wake unafanya nini baada ya miaka 10? Anapumzika lini? Anakunywa maji kiasi gani akipandisha mzigo Jogoo Road saa saba mchana? Haya ni maswali ya fiziolojia ya mazoezi kabisa, tena mtu wa kupimwa anafanya mazoezi kila siku bila kulipia jimu. Ila havai jezi, na ndio maana hakuna mtu anamwona.

Iten sina ubaya nayo. Kipchoge alipokimbia 1:59:40 pale Vienna, Oktoba 2019, nilipiga nduru hadi jirani akagonga ukuta. Lakini swali la Iten limeulizwa. Bengt Saltin alikuja na kikosi chake kutoka Skandinavia miaka ya 1990 kuwapima hao wakimbiaji. Pitsiladis alikuja. Profesa Onywera akiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta ameliandika pamoja na Pitsiladis. Bado kuna kazi pale, sawa, lakini kuna foleni. Marikiti hakuna foleni ya watafiti, iko ya viazi tu.

Halafu wako wale wa "fanya usimamizi wa michezo, huko ndiko kuna doo, AFCON 2027 inakuja." Fanya, kama unaupenda. AFCON ni wiki chache. Lakini sasa shule za upili za juu zina njia nzima ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, na darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Januari 2026. Hao watoto wanahitaji mtu wa kuwafundisha mwili unavyofanya kazi, sio mtu wa kuwapa filimbi na kuingia kwa ofisi kunywa chai.

Kwa hivyo ukipanga, anza nyuma. Andika kwanza swali moja kwa lugha ambayo mathe wako anaelewa. Tafuta msimamizi anayelijali kabla hujachagua yuniti, maana mastazi nyingi hapa ni miaka miwili na ule mwaka wa darasani unaisha kama mkopo wa simu. Chagua yuniti zinazojibu hilo swali. Zinazobaki, jaza unavyotaka. Ukitoka digrii isiyo na anatomia, isome kabla ya kuingia. Na kumbuka karatasi zinakula muda: pendekezo, utetezi wa idara, kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI. Ukipima watoto chini ya miaka 18, unatafuta sahihi ya mzazi kwa kila mmoja, na wazazi wa huku wanarudi nyumbani saa tatu usiku.

Kuna jamaa wa Kariobangi anaanza muhula ujao. Alinionyesha orodha yake ya yuniti, nikamwambia abadilishe mbili. Baiomekanika amekataa, anasema bado anajiuliza. Takwimu amekubali, lakini semista ya pili, kwa sababu ya kwanza anafundisha jimu asubuhi na ndiyo inamlipia ada. Hiyo siwezi kumpinga.