Kubisha Hodi, Kutambua na Kuamuru: Maoni juu ya Istilahi za Chipu za Uangalizi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili jambo dogo la kompyuta ambalo, lisipoelezwa kwa makini, huweza kuharibu mashine: namna programu endeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuwasiliana na kifaa, inavyozibaini chipu zinazopima joto, volteji na mwendo wa feni. Ni rahisi kukiita kitendo hiki chote "kugundua". Hoja yetu ni kwamba neno hilo hubebeshwa vitendo vitatu vyenye hatari tofauti, na kwamba fundi anayejifunza kwa Kiswahili anastahili istilahi tatu.

Suala hili lina uzito wake mahali kama Sumbawanga. Mji huo uko zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi umeme wake ulitoka Zambia na katika jenereta za dizeli. Huko, chipu inayoonya kwamba volteji imeshuka au feni imesimama si pambo. Nayo mashine iliyoharibiwa na programu si rahisi kuirudisha ilikotoka.

2.0 Vitendo Vitatu

Chipu nyingi za aina hii hukaa kwenye njia ya mawasiliano ya nyaya mbili, kila moja na anwani yake. Njia hiyo haina orodha ya wakazi wake. Kwa hiyo programu hulazimika kwanza kuuliza kama anwani fulani ina kifaa. Pili, kuuliza ni kifaa gani. Ndipo iamuru, mathalani kwa kuweka kikomo cha joto.

Hatua ya kwanza hudhaniwa kuwa haina madhara. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, programu za lm_sensors za Linux zilipochunguza baadhi ya kompyuta za IBM ThinkPad, swali hilo liliharibu yaliyomo katika chipu ya kumbukumbu ya 24RF08, na mashine zikashindwa kuwaka. Swali lilikuwa limetumwa kwa umbo la amri ya kuandika. Siku hizi, kwa kawaida, Linux huziuliza anwani 0x30 hadi 0x37 na 0x50 hadi 0x5f kwa kusoma baiti moja tu.

Hatua ya pili nayo ina mitego. Chipu nyingi zina rejista ya utambulisho, lakini LM75 ya awali haina. Programu yake hutegemea dalili: biti zisizotumika ziwe sifuri, na thamani za rejista zijirudie kila baada ya anwani nane. Dalili zikipingana, jibu la haki ni kwamba kifaa hicho hakipo, wala si kubahatisha. Kwani amri iliyokusudiwa chipu ya joto yaweza kumfikia mkazi mwingine kabisa.

3.0 Pendekezo

Tunapendekeza kubisha hodi, kutambua na kuamuru. Istilahi ya kwanza imebeba sharti lake ndani yake: abishaye hodi haingii wala hagusi kitu hadi aitikiwe.

Huenda wengine wakasema kwamba neno la mlangoni halina hadhi ya kitaalamu. Sisi tunaona kinyume. Wafua chuma wa Ufipa waliliita tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma ilungu, na lile dogo la kusafishia chuma kintengwe. Hawakuyapa jina moja kwa kuwa tu yote yalikuwa na moto. Tofauti ya kazi ilizaa tofauti ya majina, na majina yalitoka katika lugha ya nyumbani.

4.0 Hitimisho

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kumhudumia mtumiaji wa kompyuta. Sasa hapana budi BAKITA na idara za Kiswahili zimfikirie pia anayeifungua mashine. Kanuni kuu ya usalama hapa ni kutoandika kabla ya kutambua. Kwa neno "kugundua" pekee kanuni hiyo haitamkiki, maana kugundua kwenyewe kwaweza kuwa kuandika. Fundi hawezi kuilinda mipaka ambayo lugha yake haijaichora.