Garanti ya nyumba ni miezi mitatu

Juma hili tuzungumze garanti. Katika kikao chetu, mama mmoja aliyekimbia Masisi na watoto wanne alitueleza namna alivyopata nyumba ya mbao ya vyumba viwili huko Goma. Mwenye nyumba alimuomba garanti ya miezi sita. Akauza mbuzi wawili, akakopa kwenye muso, akalipa. Hakupewa hata kikaratasi.

Sheria ipo. Ni ile namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, na inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Hata sisi viongozi wa kundi, wengine hatukuijua.

Mbona basi haifuatwi? Nyumba ni chache. Vita vikifukuza watu Masisi na Walikale, familia zinaingia mjini kwa siku moja, na nyumba hazijengwi kwa siku moja. Goma yenyewe iliunguzwa na Nyiragongo mwaka 2002, na mwaka 2021 volkano ikarudi kumeza nyumba za upande wa kaskazini. Walikale nako, bati na sementi zinafika kwa barabara mbovu, na gharama ya safari inamwangukia mpangaji. Mwenye nyumba anajua kwamba ukikataa bei yake, nyuma yako kuna wengine wanangoja. Wala si wote wenye roho mbaya. Wengine ni wajane wenzetu wanaokula kwa kodi hiyo tu, na wamekwisha kutorokwa na wapangaji.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, omba mkataba wa maandishi, garanti iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, msaini mbele ya chefu wa kata. Jina lako wewe liwepo, si la shemeji peke yake. Siku ya kuingia, piga picha ya kuta, mlango na bati, usije ukakatwa garanti kwa tundu ulilolikuta.

Mama yule tulimsindikiza watatu kwa mwenye nyumba. Tulikaa kutwa nzima, chai tukanywa mara mbili. Pesa hakurudisha, lakini aliandika karatasi: miezi mitatu ni garanti, na mitatu iliyozidi itahesabiwa kuwa kodi. Mpaka mwezi wa tatu mama hadaiwi kitu, na deni la muso ameanza kulipa.