Baraza la Karani: Mwalimu Akihama, Wimbo Nao Uhame?



Jumatatu ya juma lililopita nilikuwa ofisini hapa Lizaboni nikiandika majina ya watoto wa ubatizo. Mara nikasikia hodi. Nilipoitikia karibu, wakaingia wanakwaya sita wa kigango chetu, mbele yao mama mmoja wa sauti ya pili. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha mama akasema, "Karani, tumekuja kuchukua mahindi yetu."

Mahindi yenyewe ni haya. Baada ya mavuno kila nyumba ya mwanakwaya ilitoa debe moja. Tukayauza hapa Songea, na fedha yake ikawekwa kwa ajili ya safari. Kwaya imealikwa na parokia moja ya upande wa Ziwa Nyasa ikaimbe katika sikukuu ya somo wao. Wengi katika kwaya yetu hawajaliona ziwa hilo tangu kuzaliwa. Lakini mwalimu wao wa kwaya, ambaye ni mwalimu wa shule pia, amepata barua ya uhamisho. Atakwenda nao safari hii moja, halafu atafunga mizigo yake aende wilaya nyingine.

"Sasa tunakwenda kuimba nini?" akauliza mama. "Tukirudi kutoka ziwani kwaya imekwisha. Heri tugawane chetu mapema, kila mtu ajue moja."

Sikuwacheka, maana hofu yao naijua. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulikuwa na kwaya nzuri sana. Mkufunzi wetu alikuwa na nyimbo nyingi, lakini zote alizishika kichwani mwake na katika mkoba wake. Yeye peke yake ndiye aliyetoa sauti ya kuanzia, yeye peke yake ndiye aliyepiga kinanda. Siku alipohama tulimsindikiza hadi kwenye basi, tukalia machozi. Jumapili iliyofuata tulisimama kanisani vijana arobaini, tukatazamana, hakuna aliyejua kuanza. Mwisho mzee mmoja wa nyuma akaanzisha wimbo wa Bikira Maria ambao hata watoto wanaujua, tukaufuata kwa aibu. Baada ya miezi miwili kwaya ile haikuwapo tena.

Basi nikawaambia wageni wangu wakae, nikawasimulia habari ya Kamina. Ninyi nanyi isikilizeni.

Kamina ni mji wa Katanga katika nchi ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, pamoja na lugha yao ya Kiluba. Mwaka 1953, Kongo ilipokuwa bado inatawaliwa na Wabelgiji, alifika huko Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, akaitumikia shule ya misioni. Akaanzisha kwaya ya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wao wapatao 15. Wakaiita kwa Kifaransa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani Waimbaji wa Mfalme Baudouin, aliyekuwa mfalme wa Ubelgiji siku zile.

Padre huyu angeweza kuwafundisha nyimbo za Ulaya tu, nao wangezijua, maana mtoto hujua lolote analofundishwa kwa upendo. Lakini yeye alitega sikio. Alizisikiliza nyimbo zao za msibani, za ngomani, na za kuagana. Kisha wote pamoja, padre na walimu na watoto, wakazitia sauti hizo katika maneno ya Misa. Maneno yalibaki Kilatini kile kile: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei. Sauti zikawa za watu wa Kasai na Katanga, pamoja na ngoma, na gogo la mti lililochimbwa, na manyanga. Hapakuwa na karatasi ya noti. Waliijaribu hivi na vile mpaka ikakaa midomoni mwao. Noti zake ziliandikwa baadaye. Misa hiyo ndiyo iliyoitwa Missa Luba, na iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958.

Mwaka huo huo wakasafiri kwenda Ulaya. Wazieni, akina mama, mtoto wa miaka tisa akitoka Kamina kwenda kwenye baridi ya Ulaya, akakae huko miezi! Waliimba katika Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba pamoja na wavulana waimbaji wa Vienna, ambao sifa yao ilikuwa imeenea duniani tangu zamani. Sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri, zikauzwa nchi nyingi.

Waliimba pia mjini Brussels, katika Maonyesho makubwa ya Dunia ya mwaka ule. Hapa yafaa niseme na la uchungu. Katika maonyesho hayo hayo Wabelgiji walikuwa wamejenga kijiji cha Kikongo, wakawaweka mafundi wa Kongo ndani ya ua wafanye kazi zao, watu wapite wakiwatazama. Baadhi ya watazamaji waliwatupia ndizi kana kwamba ni wanyama. Mafundi wale wakachoka na dharau, wakaondoka kabla ya maonyesho kwisha. Kwa hiyo, mtoto wa Kamina aliposimama Ulaya kumwimbia Mungu kwa sauti ya babu zake, hakuwa akiimba tu. Alikuwa akisema, "Mimi ni mtu, na kwetu ni kwa watu."

Katika Misa hiyo, sehemu inayosifiwa kuliko zote ni Sanctus. Nayo sauti yake imetoka wapi? Imetoka katika wimbo wa kuagana! Wimbo ambao watu wa huko walikuwa wakimwimbia anayeondoka, ndio uliochukuliwa ukawa wa kumsifu Mungu Mtakatifu. Nilipofika hapo mama wa sauti ya pili aliinua macho, lakini hakusema neno.

Jambo jingine. Jina la Padre Haazen ndilo lililoandikwa na kukumbukwa sana. Lakini ukiisikiliza sahani ile, sauti ya mtu mzima inayotangulia na kuitikiwa na watoto si ya padre. Ni ya mwalimu wa shule ya Kamina, Joachim Ngoi. Padre alisimamia, lakini wimbo ulishikwa na wenyeji. Hapo ndipo ilipo siri yote ya habari hii.

Maana siku za kuachana zilikuja. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Katanga ikajitenga, fujo na vita vikaingia. Padre Haazen baadaye alirudi kwao Ubelgiji, akafariki mwaka 2004. Wale wavulana wa sauti nyembamba, walio hai leo ni wazee wenye mvi. Je, Misa yao ilikufa? Haikufa. Mwaka 1964 ilisikika ndani ya sinema ya Injili ya Mathayo iliyotengenezwa na Mwitalia Pasolini. Mwaka 1968 Sanctus ile ilisikika katika sinema nyingine ya Uingereza. Mwaka 1990 Kwaya ya Taifa ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliirekodi upya, sauti za Waafrika wengine kabisa. Hata leo kwaya za mabara mengi huiimba.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika mambo ya urithi na mgawanyo wa nyama wamesema kweli. Katika mambo ya wimbo, nathubutu kusema, mwenyewe aweza asiwepo na lake likawapo, ikiwa alilitia midomoni mwa watu.

Msidhani jambo hili ni la watoto na vigango tu. Huko Marekani ipo orkestra ya Minnesota. Orkestra ni kundi kubwa la wapigaji, watu themanini au tisini, wenye fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma, na mbele yao husimama kiongozi mwenye kijiti kidogo cha kuongozea. Kuanzia mwaka 2003 kiongozi wao alikuwa Osmo Vänskä, mtu wa Ufini. Mwaka 2012 uliingia ugomvi wa mishahara, wakubwa wa orkestra wakawafungia wapigaji nje ya kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2013 kiongozi akajiuzulu. Wapigaji hawakuweka fidla zao darini. Waliandaa maonyesho wao wenyewe, wakaendelea kuwapigia watu wa mji wao. Ugomvi ulipokwisha mwaka 2014, kiongozi akarudi, akaikuta orkestra ingali hai.

Mwezi wa Agosti 2018 alisafiri nao Afrika ya Kusini, mwaka wa mia tangu kuzaliwa kwa Mzee Nelson Mandela. Walipiga Cape Town, Durban, Pretoria na Johannesburg, na huko Soweto walipiga ndani ya kanisa Katoliki la Regina Mundi, lile ambalo watu walilikimbilia siku za ubaguzi, na polisi wakawafuata humo humo kwa risasi mwaka 1976. Miezi michache baada ya safari hiyo kiongozi akatangaza kwamba muda wake ukiisha ataondoka, naye akaondoka mwaka 2022. Orkestra ipo hadi leo. Watu waliokwisha kuzoea kusimama wenyewe hawaanguki mkono unapoachiwa.

Na sisi wa kusini tusijidharau. Padre Stephen Mbunga, wa upande huu wetu wa Peramiho, ametuachia Missa Baba Yetu, na mwaka 1963 alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Kwa hiyo, anayesema kwamba bila mwalimu mwenye mkoba wa noti hatuna la kuimba, amesahau lizombe aliyokua akiicheza. Sisemi lizombe iingizwe kanisani kama ilivyo. Nasema masikio tunayo, na sauti tunazo.

Basi, wenye kwaya huko vijijini, nawapa ushauri mdogo wa karani, maana kazi ya karani ni kutunza vitu visipotee.

Kwanza, nyimbo zote ziandikwe katika daftari mbili, maneno na solfa yake. Moja akae nayo mwalimu, ya pili ikae ofisini au kwa katekista. Daftari haipati uhamisho.

Pili, mwalimu asiongoze peke yake. Achague wawili, mwanamume na mwanamke, awafundishe kutoa sauti na kupiga mkono. Kila juma siku moja ya mazoezi iwe yao, yeye akae pembeni akisikiliza. Wakikosea, wakosee angali yupo.

Tatu, wanakwaya wasimwachie mwalimu kila kitu kisha wamlaumu akiondoka. Mwalimu wa shule ni mtu wa barua. Leo yupo hapa, kesho Tunduru, kesho kutwa Ludewa. Mkimpenda, mwibieni nyimbo zake zote kabla hajafunga sanduku. Wizi wa namna hii hauendi kuungamwa.

Nilipomaliza, wale sita walitazamana. Kijana mmoja akauliza kama fedha ya mahindi inatosha kununua na daftari mbili kubwa. Nikahesabu mbele yao, nikawaambia inatosha na chenji inabaki. Mama wa sauti ya pili akasimama akajifunga kanga yake sawasawa. "Mimi sijasema kwamba sitaki kuliona ziwa," akasema. Wote tukacheka, wakaenda zao.

Alhamisi jioni nilipita kanisani kufunga madirisha, nikawakuta katika mazoezi. Mwalimu alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, mikono ameikunja, kinywa amekifunga. Mbele alisimama msichana mmoja wa sauti ya kwanza, mwembamba, mkono wake ukitetemeka. Mara ya kwanza alianza juu mno, wakakwama. Mara ya pili wakapishana na ngoma. Niliona mwalimu ameshika ukingo wa benchi kwa nguvu, nadhani ilimwuma kunyamaza. Mara ya tatu wakaingia pamoja, wakaufikisha wimbo mwisho. Mwalimu hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa tu, akakaa hivyo kitambo.

Jumamosi ijayo alfajiri basi litaondoka hapa Lizaboni kwenda ziwani. Mwalimu ataongoza nyimbo za kuingia na za sadaka. Wimbo wa kutoka ataongoza msichana yule, na mwalimu ataimba katika mstari wa besi kama mwanakwaya mwingine yeyote. Ndivyo alivyoomba mwenyewe. Nami nitakuwamo, nikibeba daftari la pili.

Tuwaombee safari njema, nanyi katika vigango vyenu fanyeni hima. Tuonane tena barazani juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi,
Karani wenu, Lizaboni