Risala ya Wenye Maduka Madogo ya Dawa wa Tanga Mjini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Mstahiki Meya wa Jiji,
Waheshimiwa Madiwani,

Sisi wenye maduka madogo ya dawa wa Ngamiani na katikati ya mji tumevumilia muda mrefu. Maduka yetu yanafungwa moja baada ya jingine, na kila linapofungwa, nyumba iliyolihifadhi huanza kubomoka. Ndiyo sababu tunaleta mambo hayo mawili kwa pamoja.

1. Majengo. Nyumba zetu nyingi ni za enzi ya Wajerumani na Waingereza: kuta nene za mawe na chokaa, roshani za mbao, na baraza ambapo mgonjwa husubiri kivulini dawa yake ikitafutwa. Baadhi zilitwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971, nyingine warithi wake wako mbali. Kote huko mpangaji ndiye anayeziba paa, na kodi haipungui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo ya kabla ya 1863, pamoja na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Hivyo mlango waweza kuwa na ulinzi, ukuta unaoushikilia usiwe nao. Tunaomba orodha ya nyumba hizi ipelekwe kwa Waziri mwenye dhamana azitangaze kuwa urithi, na gharama za matengenezo zikatwe kwenye kodi.

2. Ukaguzi. Usafi tunaukubali kwa moyo wote, kwani dawa ni uhai wa watu. Lakini tunaagizwa kupiga saruji na vigae juu ya chokaa. Unyevu wa pwani hunasa ndani na ukuta huoza. Tunaomba wakaguzi wakutanishwe na mafundi wa chokaa, yaandikwe masharti yanayozifaa nyumba za zamani.

3. Bima. Mwenye kadi tunampa dawa leo, malipo yanachelewa. Famasi yenye matawi mengi huweza kusubiri. Sisi hatupati mzigo kutoka Dar es Salaam bila fedha mkononi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kila mwananchi awe na kadi, basi jambo hili litazidi. Tunaomba mtusemee, siku za malipo ziwekwe kwa maandishi na ziheshimiwe.

4. Leseni na vibali. Tunazungushwa ofisi hadi ofisi, duka likiwa limefungwa na wagonjwa wanagonga. Tunaomba dirisha moja.

Tunaomba kuwasilisha.