Kila sakafu na dawa yake

Mpenzi msomaji, hebu leo tuinamishe macho tutazame kitu ambacho kila mtu nyumbani hukikanyaga lakini wachache hukifikiria, yaani sakafu. Mtoto hujifunzia kutambaa juu yake, mgeni huitupia jicho kabla hajaketi, na mwenye ploti huikagua siku unapohama na kudai dipoziti yako.

Mchele ni mmoja lakini mapishi ni mbalimbali, na sakafu ni vivyo hivyo. Dawa inayong'arisha vigae vya bafuni yaweza kuharibu kabisa terazo ya sebuleni. Kwa hivyo, kabla hujashika tambara, jiulize kwanza: sakafu hii imetengenezwa kwa nini?

Lipo hata hivyo jambo moja linalohusu sakafu zote, nalo ni kufagia kabla ya kumwaga maji. Mchanga na changarawe ndogo zinazoingia na viatu hukwaruza kama msasa, na vumbi likikutana na maji huwa tope unalolisambaza tu. Tope la udongo mwekundu likiingia na viatu siku ya mvua, liache likauke, ulifagie, ndipo upige deki. Ukilipangusa likiwa bichi utakuwa unaipaka sakafu rangi.

Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia tambara. Wenye shida ya mgao wa maji wanaweza kutumia yale ya mwisho ya kusuuzia nguo. Anzia pembe ya mbali ukielekea mlangoni. Isitoshe, chomoa ekstensheni ya umeme iliyolala sakafuni kabla hujaleta ndoo, kwani maji na umeme havipatani.

Saruji na mkeka wa plastiki

Sakafu ya saruji iliyopakwa niru ndiyo iliyo katika nyumba nyingi za kupanga. Sabuni ya unga kidogo, maji na brashi ngumu vinatosha. Ikiwa ni ile ya rangi nyekundu inayopakwa polishi, paka kiasi kidogo sana kwa kitambaa, iache ikauke, kisha uisugue hadi ing'ae. Kurundika polishi juu ya polishi ya juzi hakuleti mng'aro, bali hunasa uchafu na kuifanya sakafu iteleze. Mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga, na huo ni mfupa unaochukua muda mrefu kupona.

Ukiona ufa, usiudharau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika sakafu ufa ni makao ya siafu, mende na maji machafu. Fundi aupanue kidogo kwa patasi, atoe vumbi lote, alowanishe, kisha ajaze mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 3 za mchanga. Mahali hapo pafunikwe na palowanishwe kwa siku 7 hivi, maana saruji hupata nguvu kwa kukaa na unyevu, bali ikikauka haraka hupasuka tena.

Wanafunzi wanaoishi katika chumba kimoja hupenda kutandika mkeka wa plastiki unaouzwa kwa mita. Ni rahisi kuutunza: sabuni ya maji na tambara laini. Usiusugue kwa waya wa sufuria, usiupanguse kwa mafuta taa, na usiweke sufuria ya moto juu yake. Kipande cha mpira kilichowekwa juu yake kwa muda mrefu pia huacha doa lisilotoka. Angalau mara moja kwa mwezi inua pembe zake uone kama chini pana unyevu. Harufu ya uvundo chumbani aghalabu hutoka huko.

Terazo, vigae na chokaa

Terazo ni vipande vidogo vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyoshikanishwa kwa saruji na kusuguliwa hadi vikang'aa. Marumaru haivumilii asidi. Siki, maji ya limau na dawa kali za choo huila, na mahali zilipodondokea hubaki alama hafifu isiyoondoka kwa deki. Terazo yataka sabuni isiyo kali na maji safi ya kusuuza. Iliyopoteza mng'aro kabisa huhitaji fundi mwenye mashine ya kuisugua upya.

Onyo hilo ni kwa wakazi wa nyumba za kale za Lamu pia, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Sakafu zao za chokaa na mawe ya matumbawe juu ya boriti huliwa na asidi vilevile.

Vigae vya kauri ni vigumu, lakini udhaifu wao uko katika mistari ya saruji inayoviunganisha. Asidi ikitumiwa mara kwa mara hula mistari hiyo, maji yakapenya, na kigae kikaanza kulia kama debe tupu ukikigonga. Weka soda ya kuokea keki iliyokorogwa na maji kidogo, sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha usuuze.

Mbao na zulia

Nyumba nyingi za zamani jijini Nairobi zina sakafu ya vipande vya mbao. Adui wa mbao ni maji. Zikinywa maji hufura na kubanduka. Tumia tambara lililokamuliwa hadi halidondoki, kisha ukaushe mara moja. Je, wajuaje kama nta imekwisha? Dondosha tone la maji. Likibaki limejikusanya kama shanga, bado una kinga. Likizama na kuacha weusi, ni wakati wa kupaka nta. Bandika pia vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti.

Kuhusu zulia, chai ikimwagika, gandamiza kwa kitambaa kikavu ukitoka ukingoni kuelekea katikati. Usisugue, kwani kusugua huingiza doa ndani. Osha zulia siku ya jua kali asubuhi, kwa sababu likilala na unyevu huota ukungu. Ikiwa nyumbani kuna mwenye pumu, zulia dogo linaloweza kutolewa nje na kukung'utwa ni bora kuliko lile lililogundishwa ukuta hadi ukuta, ambalo huficha vumbi na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho.

Usichanganye dawa

Sasa, mpenzi msomaji, tufikie jambo ambalo ukisahau mengine yote, hili ulikumbuke. Kamwe usichanganye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi huiita Jik hata ikiwa imetoka kampuni nyingine, na dawa ya choo yenye asidi. Wako wanaoamini kwamba dawa mbili kali zikiunganishwa zitafanya kazi maradufu. La hasha! Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia adui zake karibu na Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Katika bafu dogo lisilo na dirisha, gesi hiyo huchoma macho na mapafu kwa muda mfupi.

Mkojo pia ukikutana na dawa hiyo ya klorini hutoa mvuke wenye sumu. Kwa hivyo, sakafu ya choo na mahali mtoto alipokojoa pasuuzwe kwa maji mengi kwanza. Mtu akianza kukohoa na kutokwa machozi, atoke nje mara moja apate hewa safi, na milango iachwe wazi. Kikohozi au kubanwa kifua kusipokoma, apelekwe hospitali.

Wengine hutengeneza polishi yao kwa kuyeyusha mishumaa ndani ya mafuta taa juu ya jiko. Pesa unazookoa hapo hazilingani na moto unaoweza kuzuka. Mafuta taa nayo yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto haoni mafuta, anaona soda. Akiyanywa, usimtapishe, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

Mara nyingi anayepiga deki si wewe unayesoma ukurasa huu, bali ni msichana wa kazi aliyefika mjini juzi, na maandishi ya chupa ni ya Kiingereza kitupu. Usimwachie kubahatisha. Kaa naye dakika kumi, mwonyeshe kila chupa na kazi yake, mnunulie glavu, na umweleze zipi zisikutane kamwe. Mapafu yake ni ya thamani kuliko mng'aro wa vigae vyako, na mtoto wako anatambaa papo hapo anaposugua.

Basi leo jioni, kabla ya chakula, fungua kabati la chini ya sinki mkiwa wote wawili mwanze kazi hiyo. Tukutane Jumapili ijayo.